Je, Haki ni Kupewa Dawa Ileile?

Kwa Kiswahili kuna maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi moja tu: kupoza na kupooza. La kwanza ni kufanya kitu kipoe, kama uji wa mtoto. La pili ni mwili kufa ganzi, mkono au mguu usiinuke tena. Huku kambini, ambako habari nyingi zinafika kwa sauti za WhatsApp zinazokatikakatika, maneno haya mawili yanachanganywa kirahisi. Ndiyo maana habari kwamba Marekani na Ulaya kuna watoto wachanga ambao waganga wanawapoza kwa makusudi imewatia wengine hofu. Wengine imewatia uchungu, wakiuliza mbona wa kwetu hawapozwi.

Ndugu msomaji, nataka niiandike habari hii taratibu, maana nyuma yake kuna swali ambalo sisi wakimbizi, pamoja na wale wanaotuhudumia, tunakutana nalo kila siku katika sura mbalimbali. Je, haki ni kupewa dawa ileile anayopewa mtoto wa tajiri? Au haki ni kitu kingine, na kama ni kitu kingine, nani ana ruhusa ya kutuambia hivyo?

Mimi ni mhamasishaji wa afya kambini, upande wa Muyinga. Kazi yangu si kutibu. Napita nyumba kwa nyumba, nawahimiza wajawazito waende kliniki, nawasindikiza uchungu ukianza, na baadaye nasikiliza maswali ambayo muganga hakuwa na muda wa kuyajibu. Haya ninayoandika nimeyakusanya kwa kuwauliza wauguzi na kwa kusoma.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Oksijeni inamfikia kwa damu kupitia kondo na kitovu. Uchungu ukichukua muda mrefu kupita kiasi, kitovu kikibanwa, kondo likibanduka kabla ya wakati, au tumbo la uzazi likipasuka, ile damu yenye oksijeni inapungua. Mtoto anazaliwa amechoka: halii, hajikunji, rangi si yake. Wakunga wakimpokea mama anayesimulia uzazi wake, swali la kwanza ni lile lile: "Mtoto alilia?" Wanauliza hivyo kwa sababu kilio kile ndiyo habari ya kwanza kuhusu ubongo.

Sasa waganga waligundua jambo moja. Ubongo uliokosa oksijeni hauharibiki wote kwa mara moja. Kuna pigo la kwanza. Kisha, mtoto akisaidiwa akapumua, kinakuja kipindi cha saa kadhaa ambapo mambo yanaonekana kutulia. Halafu linakuja pigo la pili, na hilo linaweza kuharibu kuliko la kwanza. Mama yeyote anayepikia makaa anaelewa: juu unaona majivu, unadhani moto umezima, kumbe chini makaa yanaendelea kula. Kupoza ni kuuwahi ule moto wa chini kabla haujapanda.

Namna yake ni hii. Ndani ya saa 6 tangu kuzaliwa, mtoto analazwa kwenye godoro maalumu linalopitisha maji baridi, au anavikwa kofia ya namna hiyo. Joto la mwili linashushwa kutoka digrii 37 za kawaida mpaka kama 33.5, na linashikiliwa hapo kwa saa 72, yaani siku 3. Kipima joto hakitoki mwilini. Wanamwangalia pumzi, moyo, sukari ya damu, degedege, kutokwa damu. Siku 3 zikiisha, wanampasha joto polepole sana, nusu digrii kwa saa. Utafiti mkubwa wa kwanza ulitoka mwaka 2005, mwingine wa Uingereza ukafuata 2009. Mwaka 2013 wataalamu walijumlisha tafiti 11 zenye watoto 1,505. Katika wale ambao hawakupozwa, asilimia 61 walikufa au walibaki na ulemavu mkubwa. Katika waliopozwa, asilimia 46. Kwa maneno ya sokoni: ukipoza watoto 7, mmoja anaokoka na kifo au ulemavu mkubwa ambao ungempata. Ni kitu kikubwa, lakini si muujiza. Karibu nusu ya waliopozwa bado waliumia vibaya au walikufa.

Nichukue mfano wa dada wawili ninaowafahamu, wote wazaliwa wa upande wa Fizi. Mkubwa alipanda ndege na mume wake, akapelekwa Marekani. Mdogo alibaki nasi hapa. Wakapata mimba mwaka mmoja, na wote wawili uzazi ukawa mgumu. Wa Marekani alipasuliwa haraka, mtoto akatolewa amechoka, na kabla saa 2 hazijaisha alikuwa ameshawekwa kwenye ile mashine. Mama yake alisimulia kwamba siku ya pili walimruhusu kumgusa mguu, akaukuta baridi kama wa marehemu, akapiga kelele. Wauguzi walimshika mkono wakamwambia: hivyo ndivyo tunavyotaka awe.

Mdogo wake uchungu ulimshika jioni. Gari lilikuwa limekwenda na mgonjwa mwingine. Alifika Muyinga karibu alfajiri, mtoto akazaliwa hakulia, wakamsaidia kwa kile kimfuko cha kubinya kwa mkono, akapumua. Mchana degedege likaanza. Kesho yake mtoto na mama wakapelekwa Gitega. Huko wauguzi walimvalisha kofia na soksi, wakamfunika, wakampa oksijeni, wakampa dawa ya degedege, wakamlisha kwa mpira. Waliangalia sana asipate baridi, maana Gitega, kama Muyinga, iko juu milimani, na usiku wa Juni na Julai hauna huruma.

Watoto wote wawili wako hai. Yule wa Marekani anatembea, ila maneno yamechelewa. Huyu wa huku shingo haijakaza, mikono inakakamaa. Na bibi yao, aliyewazaa hao dada wawili, akauliza mbele yetu sote: "Wa kule walimupoza, akapona. Wa huku walimufunika, akaharibika. Muniambie, ule muganga wa huku alikuwa anajua kitu?"

Swali la bibi haliwezi kujibiwa kwa kumwambia nyamaza. Tazama lilivyo zito. Mtoto mwenye digrii 33.5 hapa Burundi muuguzi anashtuka, maana chini ya 36.5 mtoto mchanga anahesabiwa kuwa ameshikwa na baridi, na baridi inaua vichanga. Kule, digrii hizo hizo 33.5 ndizo zinazotafutwa kwa mashine ya gharama. Damu ni moja, ukoo ni mmoja, bibi ni mmoja. Ni nini kilichofanya baridi iwe dawa kwa mjukuu mmoja na hatari kwa mwingine?

Jibu la haraka ni kwamba huu ni ubaguzi. Sisi tumezoea jibu hilo, na mara nyingi ni la kweli. Tunajua posho inavyopunguzwa bila kuulizwa. Tunajua kusikia kwamba kitu fulani "hakimo kwenye bajeti". Basi tukisikia kwamba kuna dawa ya ubongo wa mtoto na haipo huku, akili inakimbilia hapo hapo: wametunyima. Na tukidai, tunadai ile ile, mashine ile ile, godoro lile lile.

Lakini hapa jibu la haraka linakutana na ukuta, na ukuta huo umejengwa kwa maisha ya watoto. Si haki kuupita bila kuutazama.

Tuanze jirani. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti walijaribu kupoza kwa njia ya mtu asiye na pesa: chupa zilizojazwa maji ya bomba. Watoto walikuwa 36. Waliopozwa walikuwa 21, wakafa 7. Ambao hawakupozwa walikuwa 15, akafa 1. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Watafiti wenyewe walionya kwamba watoto 36 ni wachache mno, na makundi mawili hayakulingana sawasawa, kwa hiyo mtu asitoe hukumu. Mtu angeweza bado kusema: tatizo ni chupa, tuleteeni mashine ya kweli.

Basi mashine ya kweli ikaletwa, si kwetu bali Asia. Kati ya 2015 na 2019, katika hospitali kubwa 7 za India, Sri Lanka na Bangladesh, ulifanyika utafiti uitwao HELIX. Watoto walikuwa 408. Hizo hazikuwa zahanati za kijijini. Zilikuwa na vyumba vya uangalizi maalumu vya vichanga, na mashine zinazoshika joto zenyewe. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Ukijumlisha vifo na ulemavu, kupoza hakukusaidia: asilimia 50 kwa waliopozwa, 47 kwa wasiopozwa. Ukihesabu vifo peke yake, waliopozwa walikufa zaidi: asilimia 42 dhidi ya 31.

Soma tena namba hizo mbili za mwisho. Kama watoto hao 408 wasingechunguzwa kwa uaminifu, na badala yake mashine zingesambazwa tu kwa jina la usawa, tungekuwa tunaua watoto wa maskini huku tukishangilia haki.

Kwa nini dawa igeuke hivyo? Wataalamu wanataja sababu kadhaa. Huenda watoto wengi wa nchi hizo hawakuumia dakika za mwisho tu. Huenda waliumia kidogo kidogo kwa saa nyingi, au siku, kabla ya kuzaliwa, kwa uchungu mrefu, upungufu wa chakula au maambukizi ya mama. Wengi walizaliwa sehemu nyingine wakahamishwa. Moto wa chini ulikuwa umeshakula makaa. Ukimpoza mtoto ambaye dirisha lake limeshafungwa, humpi faida ya baridi, unampa hasara yake tu: damu isiyoganda vizuri, moyo unaolegea, mwili usioweza kupigana na maambukizi.

Na wala si suala la udongo wa Afrika au rangi ya ngozi. Kuna hospitali kubwa Afrika Kusini zinazopoza watoto. Jambo lenyewe ni mtoto gani, ameumia lini na vipi, amefika saa ngapi, na nani yuko macho usiku kucha pembeni yake. Mjukuu wa bibi yule alifika Gitega saa 6 zikiwa zimepita zamani. Hata kama mashine ingekuwa imemsubiri mlangoni, isingekuwa dawa yake tena. Aliyemfunika alifanya kilichostahili kwa mtoto aliyekuwa mbele yake.

(Na hapa nisimame niseme wazi, kwa kuwa karatasi hii inapita mikono mingi: mtu asisome akaenda kummwagia mtoto aliyechoka maji baridi, wala kumwacha uchi ili apoe. Huku kwetu mtoto mchanga anakaushwa, anafunikwa, anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Hiyo ndiyo kazi ya nyumbani.)

Hapo ndipo mfanyakazi wa shirika anayesoma anaweza kupumua na kusema: "Basi, suala limekwisha. Huku haifai." Ndugu yangu, usiende mbio. Mimi nina mashaka na neno "haifai", na mashaka zaidi na ndugu yake, neno "bado". Tumeambiwa "bado" mara nyingi mno. Mwaka 2001, wakati watu wanakufa kwa ukimwi barani kote na dawa zipo Ulaya na Marekani, mkuu wa USAID wa wakati huo, Andrew Natsios, alitetea kutopeleka dawa hizo Afrika kwa kusema, kwa maana hiyo, kwamba Waafrika wengi hawajui mambo ya saa na hawataweza kumeza vidonge kwa wakati. Leo humu humu kambini kuna watu wanaomeza dawa hizo kwa saa ile ile kila siku, miaka na miaka, wengine wakitumia jua na adhana badala ya saa ya mkononi. Ile "bado" ilikuwa uongo, na uongo ule ulizika watu. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Pale iliua.

Basi kuna "bado" mbili, na kazi ya kufikiri ni kuzitenganisha. "Bado" ya mwaka 2001 ilitoka katika kumdharau mgonjwa. Hakuna aliyekuwa amejaribu akaona imeshindikana. "Bado" ya kupoza imetoka katika kumjaribu mganga na mashine yake, na ikaonekana kwamba katika hali fulani vinaua. Ya kwanza inasema: ninyi ndio mmepungua. Ya pili inasema: ujuzi wetu ndio umepungua. Mtu wa heshima anaweza kuipokea ile ya pili. Ya kwanza ni ya kukataliwa hata ikija na tabasamu na fulana ya shirika.

Lakini hata "bado" ya kweli ina gharama. Mimi naiita deni. Anayeniambia "bado" ananikopa, na mkopo una masharti.

Sharti la kwanza ni ukweli kwa wazazi. Wale wazazi wa watoto 408 waliombwa, ndani ya saa chache za kutisha kuliko zote maishani mwao, wakubali mtoto wao aingizwe katika utafiti ambao ungempangia kupozwa au kutopozwa kama kwa kura. Wapo watakaosema ni dhambi: kule Uingereza mtoto kama huyo hapigiwi kura, anapozwa. Nimelifikiria hili sana. Naona kwamba haikuwa dhambi, kwa sababu moja tu: kwa watoto wa hali ile, hakuna aliyekuwa anajua jibu. Kuwapoza wote bila kujua nako kungekuwa kuwafanyia majaribio, ila majaribio yasiyoandikwa wala kuhesabiwa. Ila wale waliofunguliwa njia na jibu hilo, tukiwemo sisi, tuna wajibu wa kulikumbuka lilivyopatikana. Na mzazi wa hapa Muyinga ana haki ya kuelezwa hivi hivi, kwa lugha anayoelewa: kuna dawa hii, iko kule, huku haijaonekana kusaidia, na sababu ni hizi. Asiachwe aisikie kwa sauti iliyokatikakatika, akae miaka akiamini kwamba muuguzi alimwonea mwanawe.

Sharti la pili ni kwamba utafutaji uendelee, na uendelee kwetu. "Bado" isiyo na mtu anayetafuta jibu ni "hapana" iliyovaa nguo ya sherehe.

Sharti la tatu ndilo kubwa: anayesema "hiki bado" alete kile ambacho kimeshathibitishwa. Hapa hakuna udhuru. Mashine ya kupoza inakuja mwishoni mwa njia ndefu, na sisi tunaumia mwanzoni mwa njia. Mtoto asiyelia ana dakika moja, wakunga huiita dakika ya dhahabu, ya kukaushwa, kusuguliwa mgongo, kusafishwa njia ya hewa na kama hajapumua, kupewa pumzi kwa kimfuko na kifuniko kinachoenea vizuri pua na mdomo. Tanzania walifundisha wahudumu ufundi huo katika hospitali 8 kwa mpango wa Helping Babies Breathe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na watoto waliohesabiwa kuwa wamezaliwa wafu muda mfupi kabla walipungua kwa asilimia 24. Maana yake baadhi ya waliokuwa wakiandikwa "mfu" walikuwa watoto wanaosubiri pumzi moja.

Hapa Burundi nako kuna mifano. Kabla ya 2006 kulikuwa na wagonjwa, wakiwemo mama waliotoka kujifungua, waliozuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa; shirika la Human Rights Watch liliandika ripoti juu yao mwaka huo huo. Mama anayejua hivyo anachelewa kwenda hospitali, na kuchelewa kwake ndiko kukosa hewa kwa mtoto. Mei 2006 serikali ilitangaza kwamba uzazi na matibabu ya watoto chini ya miaka 5 ni bure, na kina mama wakamiminika vituoni. Kule Kabezi, kusini mwa Bujumbura, Médecins Sans Frontières waliweka kituo cha dharura za uzazi na ambulansi za bure usiku na mchana. Kwa makadirio yao ya mwaka 2011, vifo vya kina mama katika wilaya ile vilipungua kwa asilimia 74. Hakuna mashine ya ajabu hapo. Ni gari, mafuta, simu inayopokelewa, na daktari wa kupasua aliye macho.

Kwa hiyo nikiulizwa haki ni nini, nasema hivi. Haki si kwamba mtoto wa Muyinga na mtoto wa Marekani wapewe kifaa kile kile. Haki ni kwamba dakika za wote wawili zihesabiwe kwa uzito mmoja. Yule wa Marekani, kabla hajapozwa, alikuwa ameshapewa vitu vingi ambavyo hatuvioni kwa sababu havina picha: mtu aliyesikiliza moyo wake akiwa tumboni, chumba cha upasuaji kilichokuwa wazi, mikono iliyomsubiri. Mashine ilimpokea mtoto aliyekuwa ameshatendewa haki mara kumi. Tukidai ile ya kumi na moja tukasahau zile kumi, tutakuwa tumedai kidogo mno.

Kuna pingamizi moja naliheshimu. Rafiki yangu mmoja, mwalimu humu kambini, aliniambia: "Unawafundisha maskini kuridhika. Tajiri anapata vyote, kimfuko na mashine. Wewe unasema tuanze na kimfuko, na tutaishia kwenye kimfuko." Anaweza kuwa sahihi. Historia iko upande wake. Ndiyo maana nasema deni, sisemi msaada. Msaada ukikatwa unashukuru kwa ulichopata. Deni halifutwi kwa kulipwa sehemu. Linabaki kwenye daftari mpaka limalizike. Siku tutakapokuwa na njia iliyonyooka kuanzia mlango wa hema mpaka chumba cha upasuaji, na utafiti ukaonyesha kwamba kwa watoto wetu wa wakati huo baridi inasaidia, hakuna mtu atakayeruhusiwa kutuambia kwamba kimfuko kinatosha.

Tena tusiwasahau ambao kwao yote haya yamekuja kwa kuchelewa. Tunapogombania kuokoa ubongo, tunaweza kuongea kana kwamba mtoto ambaye ubongo wake umeumia ni hasara iliyokwisha andikwa. Si hivyo. Uganda kuna mpango uitwao Baby Ubuntu, unaowakusanya wazazi wa watoto wenye utindio wa ubongo wafundishane namna ya kumkalisha mtoto, kumlisha asipaliwe, kucheza naye, na kubebana mioyo wazazi kwa wazazi. Hilo linahitaji mkeka, mtu aliyefunzwa, na jirani wasiosema ati mama alirogwa. Kati ya hayo matatu, la mwisho liko mikononi mwetu wenyewe, na hatuhitaji bajeti ya HCR ili kulianza.

Wahenga walituonya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi naongeza: wala usiwasifu tu ukawaacha usiku bila taa. Kwa wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa, na kwa kamati yetu ya kambi, nina maswali matatu tu ya kuuliza kila jioni giza likiingia. Usiku huu nani yuko macho kituoni? Kimfuko kiko wapi, na kifuniko chake kinaenea uso wa kichanga? Na gari likiondoka na mgonjwa mmoja, wa pili atapanda nini? Siku ambayo maswali hayo yatakuwa na majibu kila jioni, ndipo nitakapokaa kitako na yeyote atakaye tuongee habari za mashine.